Mama Nesi Anajibu: Moyo wa baba, kichwa cha baba

Shikamoo Mama Nesi. Nakuandikia kutoka Makorora, hapa hapa Tanga mjini. Baba yetu ana miaka 72, amestaafu ukarani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Presha anayo tangu 2008. Dawa humeza kichwa kikimgonga. Kikitulia anaziweka juu ya kabati. Mwaka juzi miguu ilianza kumvimba, akawa anakata pumzi njiani kwenda msikitini, tukaambiwa moyo umetanuka. Hilo tulilizoea. Sasa tangu Ramadhani iliyopita kuna jingine. Anauliza swali moja mara nne ndani ya saa moja. Hesabu za pensheni alizokuwa akizipiga kichwani, leo anahesabu kwa vidole na bado anakosea. Wiki mbili zilizopita alitoka msikitini akashika njia ya Chuda, kijana wa bodaboda anayemfahamu ndiye aliyemrudisha. Shangazi zetu wanasema ni uzee. Mjomba anasema kachezewa. Nilipomweleza daktari wa kliniki ya moyo alinijibu, "Hivi vitu vinakwenda pamoja," kisha akaita mgonjwa mwingine. Vinakwendaje pamoja? Moyo uko kifuani, akili iko kichwani.
Binti wa Makorora

Marahaba mwanangu. Daktari amekwambia kweli, ila amekupa nusu ya jibu. Usimchukie. Kliniki ya presha naijua, nimekaa ndani yake miaka 31 kabla ya kustaafu. Benchi likijaa mpaka watu wanaegemea mwembe wa nje, unajifunza kumwambia kila mtu maneno manne tu. Leo mimi sina foleni, nina kikombe cha chai, kwa hiyo nusu iliyobaki nitakupa.

Nianze na baba yangu, maana barua yako imenirudisha kwake. Alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, Barabara ya 9, na Tanga unaijua kwa baiskeli zake. Geji ya upepo hakuwa nayo. Alibinya tairi kwa kidole gumba akakwambia limejaa au bado. Presha yake ilikuwa 180 kwa 100 na ushee, naikumbuka kama namba ya nyumba. Nikisema hivyo utadhani nilikuwa naifuatilia. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nikipima watu baki thelathini, arobaini kwa siku, na baba yangu mzazi nikimpima mara moja kwa mwaka, Idi Mosi, tumeshakula pilau. Anasema, "Hiyo ndiyo kawaida yangu," nami nakunja mashine. Alikuwa na miaka hamsini na kitu.

Alipokuwa na miaka 68 nilikwenda kumsalimia jioni moja nikamkuta anaziba pancha. Tyubu imo kwenye karai la maji, vipovu vikatoka, akaweka kidole palepale kwenye tundu. Akaitoa tyubu, akaifuta kwa kitambaa, akanyoosha mkono kuchukua msasa. Mkono ukasimama njiani. Akaitazama tyubu, tundu limeshapotea. Akairudisha majini. Vipovu, kidole, kitambaa, mkono kwa msasa, ukasimama tena. Mara nne. Mwenye baiskeli, mtoto wa shule, alikuwa amechuchumaa pembeni hajui acheke au aondoke. Kazi hiyo baba alikuwa akiifanya huku anabishana habari za Coastal Union, bila hata kuitazama mikono yake. Na mimi, muuguzi mzima, nikajisemea: uzee.

Haukuwa uzee. Uzee unakusahaulisha jina la jirani, usiku ukiwa kitandani linakujia. Kushindwa kazi uliyoifanya miaka arobaini, kupotea njia ya msikitini, kukosea hesabu ulizokuwa ukizimaliza kichwani, hayo ni maradhi ya ubongo. Madaktari wanayaita dimenshia na yako ya aina kadhaa. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Wa pili kwa wingi ni ule unaotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu, na huo ndio unaopanda kutoka kifuani kwenda kichwani.

Ubongo wa mtu mzima hata kilo moja na nusu haufiki. Kwa mwili mzima ni kama sehemu 2 katika 100. Lakini katika oksijeni yote tunayotumia, sehemu kama 20 katika 100 zinaishia huko. Na ghala hauna. Misuli ina akiba yake, ini lina akiba yake. Ubongo unakula mkono kwa mkono, kama kibarua anayelipwa jioni. Moyo ukisimama sekunde kumi tu mtu ameshazimia.

Damu hiyo inapandia shingoni kwa mishipa minne mikubwa, halafu inagawanyika na kugawanyika mpaka mishipa inakuwa myembamba kuliko unywele. Kwenye hii myembamba ndiko kwenye kisa chetu. Presha ikikaa juu mwaka baada ya mwaka, kuta zake zinakakamaa na kunenepa kwa ndani, njia inabana. Kipande cha ubongo, pengine cha ukubwa wa punje ya mtama, kinakosa damu na kufa. Mdomo haupindi, mkono haulegei, hakuna anayepiga yowe. Ni kiharusi cha kimya. Miaka ikipita, vishimo vinakuwa vingi, na nyuzi zinazounganisha upande huu wa ubongo na ule zinachakaa. Nikimkumbuka baba na karai lake ndivyo ninavyoelewa: kidole kiliona tundu, mkono uliujua msasa, ila habari haikuvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake.

Hiyo ni presha peke yake. Baba yako ana la pili. Moyo uliosukuma damu miaka mingi kwenye mishipa migumu ulinenepa kwanza kama msuli wa mpagazi, kisha ukachoka, ukalegea, ukatanuka. Sasa kila ukipiga unatoa pungufu. Miguu inavimba kwa sababu hiyo, na kichwani vilevile inafika pungufu. Wagonjwa wa moyo uliochoka nimewaona wengi wakiwa wazito wa kufikiri, wanaanza sentensi na kuiacha katikati, na nyumbani wanaambiwa wana dharau.

La tatu hujalitaja, na ningependa ulitazame leo. Shika kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakienda sawa, vizuri. Yakienda kama hatua za mlevi, mawili ya haraka, moja la mbali, matatu ya kusukumana, mrudishe kliniki uombe kipimo cha umeme wa moyo. Ni dakika tano, hakiumi. Moyo unaopiga bila mpangilio namna hiyo hutuamisha damu kwenye chemba ya juu ya kushoto, damu inaganda, vipande vinachomoka na kupanda kichwani. Mwenye mapigo hayo uwezekano wake wa kupata kiharusi ni kama mara tano ya mwenzake, na hatari ya dimenshia nayo inapanda. Dawa za kuzuia kuganda huko zipo, na wala si aspirini.

Mtu atakwambia, "Huenda ni Alzheimer, haihusiani na moyo." Ugonjwa huo, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mara ya kwanza mwaka 1906, ni wa protini zinazorundikana ndani ya ubongo. Lakini bongo za wazee zikichunguzwa baada ya kufa, mara nyingi vinakutwa vyote viwili, marundo ya protini na mishipa mibovu, vimekaa nyumba moja. Kwa hiyo ukiitunza mishipa hujapoteza kitu, jina la ugonjwa liwe lolote.

Wala usidhani haya ni ya Wazungu. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walizunguka vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wenye miaka 70 na kuendelea. Waliokuwa na dimenshia walikuwa kama 6 katika kila 100. Waliokuwa na presha ya kupanda walikaribia 7 katika kila 10, na wengi wao walikuwa hawajui.

Sasa mwanangu, nyumbani ufanye nini.

Kwanza jambo ambalo watoto wengi wema wanalikosea. Usiamke kesho ukamshushia dawa zote alizoandikiwa. Daktari amekuwa akimwongezea kidonge juu ya kidonge akiamini anavimeza. Akivimeza kweli, vyote, siku moja, presha inaweza kuporomoka akaanguka chooni. Chukua kila kilichoko juu ya kabati, na cha mganga pia, tia kwenye kapu moja, nenda nacho kliniki, useme ukweli: "Baba alikuwa anameza akiumwa kichwa tu." Atapangiwa upya. Hutakuwa wa kwanza kusema hivyo, na daktari hatashangaa. Kichwa kugonga si kipimo cha presha. Wengine wanatembea na 200 hawasikii hata mbu.

Akishapangiwa, tafuta trei ya mayai. Ina vishimo 30, mwezi mzima huo. Kata vidonge kwa mkasi vikiwa bado ndani ya karatasi zake, unyevu wa pwani usiviharibu, weka dozi ya siku katika kila kishimo. Asubuhi ukiona kishimo cha jana bado kina mali, umejua bila kumuuliza. Mzee anayesahau ukimuuliza, "Umemeza?" atakujibu, "Nimemeza," na wala hasemi uongo.

Omba apimwe damu: sukari, figo, chumvi za damu, wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende. Usione haya kwa hivyo viwili vya mwisho. Yamo maradhi yanayofanana na dimenshia ambayo yakitibiwa akili inarudi, yote au sehemu. Apimwe masikio na macho pia. Na mtazame kama ana huzuni. Mwanamume aliyestaafu akakaa kimya kibarazani, wakati mwingine kinachomla ni moyo ule mwingine. Ana zaidi ya miaka 60, ulizia dirisha la wazee, usipange foleni ya wote.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya kwenye mkate na ya kwenye viungo vya paketi. Sisi watu wa pwani tuna deni na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Baba yangu alikuwa hali wali bila kipande cha ng'onda pembeni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia kila nikipita sokoni. Kwa mwenye moyo uliotanuka, ng'onda moja usiku, asubuhi miguu imeshajaa. Mpikie samaki mbichi, tia ndimu, pilipili, nazi kiasi. Wiki mbili atalalamika, ya tatu ulimi utazoea.

Je, atarudi kama zamani? Sitakudanganya. Kilichokufa ndani ya ubongo hakifufuki. Tunachogombania ni kilichobaki. Mwenye maradhi ya mishipa mara nyingi hushuka kwa ngazi: anakaa hivyo hivyo miezi, ghafla anashuka kidato, anakaa tena. Presha ikidhibitiwa, vidato vinaweza kuwa vichache na mbalimbali. Ila akibadilika ndani ya siku moja au mbili tu, akawa anasinzia mchana, anaona vitu, hakujui, usiseme "ndiyo maradhi yake". Hiyo huwa malaria, mkojo mchafu, nimonia, upungufu wa maji, au dawa. Hospitali siku hiyo hiyo. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni dakika hiyo hiyo, hata kama dalili zimeisha kabla teksi haijafika.

Mjomba usigombane naye. Mwambie dua tutasoma, na dawa atameza. Na wale vijana wa bodaboda wa njia ya Chuda wapelekee namba yako ya simu, kijiwe kizima. Ishone na kwenye mfuko wa ndani wa kanzu yake.

*

Mama Nesi, mimi ni dereva wa lori, nina miaka 44. Walikuja watu kupima afya bure, wakaniambia presha yangu 156 kwa 98 niende hospitali. Sijaenda, kwa sababu sisikii chochote, nabeba gunia bado. Kijiweni wanasema ukianza hizo dawa ni za maisha, na zinamaliza ile kazi ya usiku. Natafuna kitunguu saumu kila asubuhi. Yatosha? Na hayo ya wazee kusahau yananihusu nini mimi?
Dereva, Mabawa

Yanakuhusu wewe kuliko yanavyomhusu mzee wa miaka 80. Presha inayokula kumbukumbu za uzeeni ni hasa ile ya umri wako, kati ya miaka 40 na 65. Watu wamefuatiliwa miongo mizima kuanzia ujana wao wa makamo, na jibu ni lile lile: aliyekuwa na presha katikati ya maisha na hakuitibu ndiye anayesahau zaidi baadaye. Tundu linaanza leo, vipovu utaviona ukiwa na miaka 70.

Hata hivyo kipimo kimoja cha uwanjani, jua linawaka, muziki unapiga, hakitoshi kukuita mgonjwa. Nenda ukapimwe siku nyingine mbili tatu. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano kwanza, miguu chini usiipandanishe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa kifungwe kwenye mkono mtupu wala si juu ya shati, kibofu kiwe kitupu, na mdomo ufungwe. Muuguzi akikupigisha soga huku anapima, mwambie Mama Nesi amekataza. Nusu saa kabla, usivute sigara. Ikirudia 140 kwa 90 au zaidi, basi ni yako.

Marekani walifanya utafiti mkubwa unaoitwa SPRINT, watu zaidi ya 9,300 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja walishushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, jingine chini ya 140. Matokeo ya upande wa akili yalitolewa 2019: waliopata upungufu mdogo wa kumbukumbu, ule unaotangulia dimenshia, walipungua kwa kama moja ya tano kwenye kundi la 120. Kwa dimenshia yenyewe upungufu ulionekana, ila haukutosha kuthibitishwa. Nakwambia yote mawili maana watu wa matangazo watakwambia la kwanza tu. Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet nalo lilitaja mambo 14 ambayo kama yangeondolewa yote duniani, karibu nusu ya dimenshia, 45 katika kila 100, ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Humo imo presha, kisukari, lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, unene, sigara, pombe iliyozidi na kukaa bila mazoezi. Ukiitazama vizuri orodha hiyo, nusu yake ni orodha ya maradhi ya moyo.

Kitunguu saumu tia kwenye mchuzi, ni chakula kizuri. Hakitashusha 156 peke yake.

Na lile uliloliuliza kwa kunong'ona. Ni kweli zipo dawa za presha, hasa baadhi ya zile za zamani, zinazoweza kupunguza nguvu za mwanamume. Zipo nyingi zisizofanya hivyo. Ukianza ukaona mabadiliko, rudi umwambie daktari akubadilishie. Usiache kimyakimya kama wafanyavyo wenzako kijiweni, halafu wanaletwa kwetu wamepooza upande mmoja. Tena presha yenyewe, bila dawa yoyote, inaharibu mishipa ya huko vilevile. Mishipa ya huko ni myembamba, mara nyingi hulegea kabla ya moyo kulalamika. Mwanamume anayekuja akilia na hilo, mimi nilikuwa kwanza nampima presha na sukari.

Gunia unalobeba ni kazi, nakuheshimu. Ila siku nyingi unakaa kwenye usukani. Shuka mwendo wa nusu saa, siku tano kwa wiki, Raskazone jioni pana upepo.

*

Shikamoo Mama Nesi. Bibi yangu ana miaka 81, tuko Pangani. Anameza dawa tatu za presha, juzi ilikuwa 112 kwa 60 na jirani akasema hongera. Lakini akiamka kwa sala ya alfajiri anapepesuka, ameanguka mara mbili. Kusahau kumezidi. Usiku hasinzii, nampa Piriton ndiyo analala.
Mjukuu

Marahaba mjukuu. Jirani amewahi kutoa hongera. Kwa mtu wa miaka 45 namba hiyo ningeifurahia. Kwa bibi wa miaka 81 anayeanguka, damu huenda haifiki juu anaposimama, na ubongo uliozoea presha kubwa miaka mingi unaisikia njaa hiyo haraka. Wakampime amekaa au amelala, kisha wampime amesimama dakika moja, na dakika ya tatu tena. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari apunguze dawa. Apunguze yeye, si wewe. Alfajiri aketi ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe nyayo, anywe maji nusu kikombe, ndipo ainuke akiwa ameshika kitu.

Alipoanguka aligonga kichwa? Kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, wiki tatu baadaye ndipo anaanza kuchanganyikiwa na watu wanasema usahaulifu umezidi. Hiyo inaonekana kwa picha ya kichwa na mara nyingine inatibika kabisa. Mtaje kuanguka kwake kabla hujaulizwa.

Piriton acha leo. Ni dawa ya mafua na mwasho, na usingizi wake kwa mzee si usingizi mwema. Inazuia kemikali ile ile ambayo ubongo wake unaitumia kukumbuka, na kesho yake anapepesuka zaidi. Nimekutana na mabibi walioletwa wakiwa hawajui wako wapi, tukaondoa vidonge hivyo vya manjano, siku ya nne wanauliza nani anachunga kuku. Usiku mpunguzie chai, mchana mtoe juani asilale sana.

*

Mama Nesi, nimetimiza 70, niko Raskazone, presha yangu nzuri na moyo sijawahi kuugua. Mwanangu ananiletea aspirini ya watoto na vidonge vya mitishamba vya ginkgo ili akili isichoke. Niendelee? Nacheza bao kila jioni.
Mzee wa Bao

Shikamoo mzee wangu. Aspirini kila siku kwa mzima wa miaka 70 ilijaribiwa Australia na Marekani kwa watu zaidi ya 19,000. Majibu yalitoka 2018: dimenshia haikuizuia, kutokwa damu iliongeza. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ni habari nyingine, huyo asiiache bila daktari. Ginkgo nayo ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, mwaka 2008 wakasema haikusaidia kitu. Mwambie mwanao pesa hiyo anunue mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, mpimane barazani.

Bao cheza, na ubishane sana. Ila kahawa chungu yenu hiyo ya jioni, usiinywe nusu saa kabla ya kujipima.